Msaada: seva mbili, moja ikituma arifa nyingine inanyamaza

Kijana wa Kisasa: Wakuu, habari za majukumu. Nina seva mbili hapa Kisasa zinazotuma arifa za SNMP (itifaki ya kufuatilia hali ya vifaa vya mtandao), toleo la 3, kwenye seva ya ufuatiliaji iliyoko Mtumba. Ya zamani imenyamaza. Nikiwasha upya programu yake mara mbili tatu inarudi, halafu ile mpya nayo inanyamaza. Juzi diski imejaa na hakuna aliyejua. Nafikiria turudi toleo la 2 la SNMP. Naombeni ushauri, usingizi siupati.

FundiWaya: Fayawoli hiyo, inazuia. Fungua bandari 162 ya UDP, ndo arifa zinapopitia. UDP haina risiti, kifurushi kikipotea ndo kimepotea. Sisi Manyoni tulihangaika sana, kumbe panya kala waya.

Kijana wa Kisasa: Bandari iko wazi mkuu. Kwa tcpdump, programu ya kuchungulia vifurushi, naona vifurushi vya zote vinafika Mtumba.

Mama Zabibu: Mdogo wangu, diski inajaaje na wewe upo? Sisi tulikuwa tunaingia chumba cha seva kila asubuhi, tunaangalia kwa macho.

Mpwapwa Stendi: Hii chai. Seva zipokezane zamu kama walinzi? Mods fungeni uzi.

Kijana wa Kisasa: Nitunge ili nipate nini? Niko mbele yake sasa hivi.

Bi Mtandao: Tusimtukane. Hiyo mpya uliisimikaje?

Kijana wa Kisasa: Ni mashine pepe, seva ya programu tu ndani ya kompyuta nyingine. Niliinakili ile ya zamani ilivyo. Kila mtu anafanya hivyo, na IP na jina nilibadilisha.

Bi Mtandao: Kitambulisho cha injini, yaani cha programu ya SNMP ndani ya seva, je? Toleo la 3 linamjua mtumaji kwa hicho, na mpokeaji anakumbuka injini imewaka mara ngapi na iko hewani sekunde ngapi. Kwa kuwa ulinakili, zako zote zina kimoja. Yenye hesabu kubwa inasikilizwa. Iliyo nyuma, hata kwa sekunde zaidi ya 150 tu, ujumbe wake unaonekana wa zamani, unatupwa. Ndiyo maana ukiwasha upya zamu inageuka. Zima snmpd, programu inayotuma arifa, kwenye mpya, futa mstari wa oldEngineID unaotunza kitambulisho hicho kwenye faili lake ndani ya /var/lib, washa, kisha msajili mtumiaji wa SNMP upya pande zote mbili.

Mpwapwa Stendi: Aisee. Chai naifuta.

Kijana wa Kisasa: Ila bosi nimeshamwandikia kuhusu toleo la 2. Ni rahisi, na mtandao ni wa ndani.

Bi Mtandao: Toleo la 2 neno la siri linapita wazi, kutoka Kisasa mpaka Mtumba. Mwandikie tena, mdogo wangu.

Kijana wa Kisasa: Ameshasaini dada. Ngoja nifungue hilo faili kwanza.