Programu ya mizani ya biti 32 inaganda kwenye laptop ya ARM: njia ipi inatulia?

Stoo_Kibaigwa
Wakuu, programu ya kupimia mahindi ni ya x86 (prosesa za aina ya Intel na AMD), biti 32. Laptop mpya ni Windows 11 ya ARM, aina tofauti ya prosesa. Inafunguka vizuri, inapima, halafu inaganda wakati wowote bila kutoa kosa. Mizani inaingia kwa adapta ya USB ya siriali. Nichague nini: kubadili mipangilio ya uigaji (Windows inavyotafsiri programu ya x86 iende kwenye ARM), mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta), au kompyuta ya x86 iliyotumika?

Zuzu_Koda
Angalia kwanza imegandaje. Usiifunge. Task Manager, kichupo cha "Details", tazama CPU. Kwa prosesa ya koa 8 (viini vya kuchakata), ikikwama kwenye 12 au 13, koa moja inazunguka bure ikingoja ishara kutoka uzi mwingine, yaani kazi nyingine ndani ya programu hiyohiyo. Ikiwa 0, kuna kitu inakisubiri. Bonyeza kulia, "Analyze wait chain".

Huko kuzunguka kuna chanzo chake. Kwenye x86, koa moja ikiandika data, koa nyingine zinaiona kwa mpangilio uleule. ARM haina sharti hilo. Msimbo wa zamani usiotumia kufuli (njia ya nyuzi kupeana zamu) ulikuwa unapona kwa bahati ya prosesa, na ndiyo maana leo unaganda saa nne, kesho hauguswi.

Dawa: bonyeza kulia faili la exe, "Properties", "Compatibility", "Change emulation settings". Kwenye mipangilio ya koa nyingi, chaguo la kawaida ni la kasi. Panda ngazi moja, "Strict", ujaribu siku nzima.

FundiAreaD
Mimi ningeruka moja kwa moja hadi kulazimisha koa moja, lipo hapohapo. "Very strict" inaongeza vizuizi vya kumbukumbu (vinavyolinda mpangilio huo wa data) na programu inakuwa nzito. Koa moja inaviondoa vyote, kwa kuwa nyuzi zote zinapita sehemu moja. Mizani haihitaji koa 8, jamani.

Kizota_PC
Mashine pepe je? Windows 10 ya x86 ndani ya Hyper-V, ile programu ya mashine pepe ya Windows?

Zuzu_Koda
Haiwezekani, mkuu. Hyper-V ya ARM inaendesha mifumo ya ARM tu. QEMU, programu nyingine ya mashine pepe, itaiga prosesa nzima, ila utakunywa chai ukingoja dirisha lifunguke.

FundiAreaD
Na CPU ikiwa 0, msiilaumu prosesa. Chomoa adapta programu ikiwa imeganda. Ikizinduka au ikitoa kosa, ilikuwa inasubiri mlango wa COM (wa siriali). Uigaji haugusi dreva (programu inayoendesha kifaa), kwa hiyo weka dreva ya ARM64 ya chipu hiyohiyo. Kisha "Device Manager", "USB Root Hub", "Power Management", ondoa tiki ya kuzima kifaa kuokoa umeme. Magari yakipungua sokoni, mlango unakaa kimya na Windows inaulaza.

Stoo_Kibaigwa
Na x86 iliyotumika?

Zuzu_Koda
Kama dreva ya ARM64 haipo, hiyo ndiyo njia. Mizani ichomekwe huko, laptop iingie kwa Remote Desktop kupitia mtandao wa ndani. Hakikisha ina Windows Pro, Home haipokei. Na UPS, kwa umeme wetu huu.