LC1 (baraza la kijiji hapa Uganda) anampatanisha binti na mwenzake kila mara, kipigo kinaendelea. Aanzie wapi?

Jirani_Arua: Naulizia binti wa hapa kwetu. Anaishi na kijana bila ndoa ya kanisa wala nikahi, ila mahari kidogo ilitolewa. Kila akishtaki kwa mwenyekiti wa LC1 wanapatanishwa, anarudishwa. Kaka zake nao wanasema akiondoka ng'ombe watadaiwa. Hata laini yake ya simu imeandikishwa kwa jina la kijana.

Msaidizi_wa_Sheria: Hapo LC1 anakosea. Sheria ya ukatili wa majumbani ya 2010 inataka shauri lipelekwe polisi na kwa hakimu mtu akirudia kosa, au ikionekana ataumiza tena. Kwa LC1 asisimulie upya, aombe barua ya kumpeleka polisi, yenye tarehe na muhuri. Akinyimwa, aende mwenyewe kwenye kitengo cha polisi cha familia na watoto, LC si mlango wa lazima. Kwa hakimu aombe amri ya ulinzi ya muda, hudumu hadi miezi 3. Cheti cha ndoa hakihitajiki, kuishi nyumba moja kunatosha. Na hao kaka waambiwe Mahakama ya Juu ilishakataza kudai mahari irudishwe, tangu 2015! FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake, wana mawakili wa bure.

Nesi_Jinja: Akiumizwa tena, fomu ya polisi ni PF3, akibakwa, PF3A. Zote bure, na matibabu hayazisubiri. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, zimezwe siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba mwisho saa 120, mapema ndiyo bora. Asioge kabla ya kupimwa. Nguo aziweke kwenye bahasha za karatasi, kila moja na yake. Wengi huzifunga kwenye kavera (mfuko wa plastiki): unyevu unabaki ndani, zinaota ukungu, ushahidi unaharibika.

Fundi_Simu: Laini hiyo aihesabu ni ya kijana, anaweza kuifufua kwenye kadi mpya na kupokea ujumbe wote. Asajili nyingine kwa kitambulisho chake, aiache kwa mtu anayemwamini. Pesa azihamishe kidogo kidogo. Namba ya siri asiibadilishe mapema, mabadiliko ya ghafla humshtua mwenzake. Kwenye WhatsApp akague vifaa vilivyounganishwa.

Jirani_Arua: Kitambulisho kimefungiwa sandukuni kwa kijana.

Msaidizi_wa_Sheria: Asikigombanie, hapo ndipo wengi huumizwa. Atumie simu ya mama yake kupiga 116, namba ya msaada, hailipiwi. Akishatoka, aombe askari amsindikize kuchukua vitu vyake, mchana.