Wakili peke yangu Lubumbashi: simu za usiku nizipokee?

Wakili wa Katuba
Ndugu zangu, nina kabine (ofisi ya uwakili) yangu mwenyewe, bila katibu, bila mshirika. Asubuhi mahakamani, mchana gereza la Kasapa, jioni naandika hati kwenye meza ileile tunayolia bukari (ugali). Juzi binti yangu aliniuliza, "Papa, leo una mteja gani?" Ilikuwa Jumapili. Iliniuma sana. Lakini nikizima simu, na mtu akamatwe usiku? Katiba, ibara ya 18, inatoa saa 48 tu, kisha aachiliwe au apelekwe parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Saa hizo hazingoji Jumatatu.

Mama wa Kamalondo
Pole, Metre, wakili mwenzangu. Mimi nina namba mbili. Ya pili wanayo ndugu wa waliofungwa tu, nayo haizimwi. Ile ya kwanza naizima saa 12 jioni. Mwenye kesi ya kiwanja anaweza kungoja asubuhi.

Mzee wa kabine
Mimi simu haikunisumbua. Muda wa rufaa ndio ulioninyima usingizi: siku 10 kwa jinai, siku 30 kwa madai, zote kichwani! Sasa zimeandikwa ukutani kwa wino mwekundu. Tena mwenzangu wa chuo, naye yuko peke yake, tunashikiana dharura za Jumapili kwa zamu.

Wakili wa Katuba
Na siri ya mteja, Mzee?

Mzee wa kabine
Namweleza siku ya kwanza kabisa, anatia sahihi. Akikataa, faili lake halitoki kwangu.