Naomba ushauri: nimtambulisheje mama mdogo kwa Kiitaliano?

Habari zenu wapendwa. Mwezi ujao wakwe wa dada yangu wanakuja Malindi kutoka Italia, na mimi ndiye nitakayewatambulisha ndugu. Padre (baba), madre (mama), fratello (kaka) na sorella (dada) nimeshayashika. Kwa mkubwa nitasema "Le presento mia sorella" (nakutambulisha dada yangu, kwa heshima), kwa wa rika langu "ti presento". Kinachonisumbua: zio ni mjomba, ni ami, ni huyo huyo mmoja! Nipote naye ni mjukuu, tena ni mtoto wa ndugu. Sasa mama mdogo, aliyetulea tangu wadogo, nimwite zia tu, neno lile lile la shangazi? Naona kama namshusha. Halafu mbona dada yangu ni mia sorella bila "la" mbele, lakini wakiwa wengi (dada zangu) ni le mie sorelle, "le" inaongezwa? Mlioishi na Waitaliano, nyinyi huwa mnasemaje?