Kamati ya kupitia kamati! Hii kodi itaamuliwa lini jamani?

MzeeWaMarikiti:
Nimetoka sasa hivi kwenye kikao cha kodi ya mizigo baina ya Zanzibar na Bara, hata kanzu sijavua. Yule bwana mnamjua nyote, yule wa simu tatu, kasimama mbele yetu wafanyabiashara wazima akatwambia: "Tutaunda kamati ya kupitia ripoti ya kamati." Kamati. Ya kupitia. Ripoti ya kamati! Kisha akakaa akala sambusa.

Tunachouliza ni kidogo. Mzigo unashuka bandarini Malindi, hapa Unguja, unalipiwa kodi. Ukiuvusha kwa mteja wako Dar, unakadiriwa kodi upya kama vile umeshuka kutoka mbinguni. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, huku Zanzibar asilimia 15, kule Bara 18. Kodi ya mapato ni ya Muungano, iko TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, VAT ya dukani iko ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, na mwenye duka ni huyo huyo mmoja na mfuko wake mmoja. Amueni! Mkipandisha pandisheni, mkishusha shusheni, bora mtu ajue bei ya kuandika. Kila Juni tunaganda mbele ya televisheni bajeti inasomwa Baraza la Wawakilishi, Chukwani, tunaambulia "linafanyiwa kazi". Kamati ya pamoja ya Serikali mbili, ya Muungano na ya Zanzibar, ipo tangu 2006! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana duka lake, na yeye anauliza swali lile lile.

Nikamuuliza kwa adabu, "Mheshimiwa, hiyo kamati ya kwanza iliandika nini?" Akanijibu, "Ndiyo maana tunaunda ya pili." Ukumbi mzima ukacheka. Mtu anauliza riziki yake, anachekwa! Kamati ya kupitia kamati, wallahi nimetetemeka.

BintiNgambo:
Huyo huyo! Sie alitwambia "subirini mchakato". Mchakato umeota ndevu.

Yakhe_wa_Wete:
Weye kikaoni ulifuata kodi au sambusa? Mbona uchungu wote uko kwenye sambusa?

MzeeWaMarikiti:
Sikuonja hata moja! Soma vizuri: KAMATI YA KUPITIA KAMATI.

Yakhe_wa_Wete:
Basi ombea uteuliwe, posho utaipata na sambusa juu yake.

KarafuuKavu:
Nyie wa Unguja mnalilia asilimia tatu. Huku Pemba karafuu yangu, shamba langu, jua nimeanika mie, mnunuzi mmoja tu na bei kaipanga yeye. Nani anatufungulia uzi wa mjadala?

MkoaniMjini:
Karafuu afadhali, haitapiki. Panda boti siku ya kusi uone.

BintiNgambo:
Boti! Sie Jang'ombe maji hayatoki, mtu anaamka usiku wa manane kutega ndoo, bomba linakoroma tu.

MzeeWaMarikiti:
Jamani, turudi kwenye kodi.

KarafuuKavu:
Bi BintiNgambo, nunua tangi. Kwetu kila nyumba inalo.

Yakhe_wa_Wete:
Tangi la lita 1,000 sokoni Darajani linakwenda kwa ngapi? Nina mtu anarudi na boti kesho.