Mashine ya zamani ya mtumbwi: petroli na oili tu, au kuna ubaya gani kutia mafuta ya taa?

Mwenye Chombo Kayenze
Wadau wa ziwa nisaidieni kabla sijagombana na watu wangu. Nimechukua Yamaha 40 ya tu-stroki, ya zamani, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli. Nahodha wangu anasema mashine kuukuu inataka petroli ipunguzwe ukali kwa mafuta ya taa kidogo, fundi anasema nikithubutu nisimpelekee tena. Halafu mwaloni kwetu, pale tunaposhushia samaki, BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, wameletewa hoja kwamba petroli ya madumu ipigwe marufuku, kila mtu akanunue sheli. Mnaonaje, hasa mlioko visiwani?

Fundi Mashine
Fundi wako yuko sahihi. Tu-stroki haina oili inayokaa chini kama gari, kinacholainisha beringi, pistoni na ringi ni hiyo hiyo uliyochanganya na petroli, basi. Ukitia mafuta ya taa mashine iliyotengenezwa kwa petroli inaanza kugonga, masizi yanaganda kwenye ringi na njia ya moshi, siku ya siku inakwama. Lita 20 za petroli weka oili mili 400, ndo 50 kwa 1. Kama umebadilisha pistoni anza na 800 mpaka izoee. Na oili iwe ya boti, kopo limeandikwa TC-W3. Ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa na upepo, inaacha majivu, yanakusumbua kwenye plagi. Hawa manahodha wanaoongelea ukali wa petroli hawajawahi kufungua silinda hata moja, kazi yao kuvuta kamba ya kuwashia tu.

Nahodha wa Ukara
Kuvuta kamba tu?? Fundi saa nane za usiku huko kuelekea Goziba upepo umegeuka, plagi imelowa, wewe uko wapi? Umelala Kirumba. Sisi ndo tunaifungua kwa tochi ya simu mdomoni huku mwenzako anamwaga maji yanayoingia. Usituone wajinga. Na mafuta ya taa hatukuyaota, Yamaha wenyewe wana mashine za mafuta ya taa, nimeziona kwa macho yangu.

Fundi Mashine
Zipo, sijakataa. Ila hizo zimezaliwa hivyo, kompresheni yake ndogo. Unawasha kwa petroli, ikipata moto unahamia mafuta ya taa, ukikaribia kuzima unarudi petroli ili kesho ikuwakie. Ya huyu kaka ni ya petroli, huwezi kuigeuza kwa kukorogea dumu.

Nahodha wa Ukara
Bado hujajibu la kuvuta kamba.

Mzee wa Kirumba
Vijana mnabishana bure. Mashine hizi ziliharibika walipoondoa madini ya risasi kwenye petroli, 2005 sijui 2006 hapo. Zamani petroli ilikuwa nzito, mashine inadumu mpaka unamrithisha mtoto.

Binti wa Nyakato
Shikamoo mzee. Risasi iliondoka kweli, nchi zetu za kusini mwa Sahara zilimaliza mwanzoni mwa 2006. Ila kwa upande wa vyuma, walioogopa ni wenye magari ya zamani, kwa sababu ya valvu. Tu-stroki haina valvu za aina ile, risasi haikuwa inailainisha, inalainishwa na oili. Kilichoua mashine miaka ile ni uchakachuaji, mafuta ya taa yalikuwa rahisi mno, ndo EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba 2010, alama ya kutambua mafuta yaliyochakachuliwa, na 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Bei zikakaribiana. Sasa mtu anayechanganya leo anaokoa nini?

Mzee wa Kirumba
Marahaba mwanangu. Lakini mashine zilidumu, hilo hamtanitoa.

Mama Madumu
Nimesoma nikajua tu mwisho tutafika kwangu. Mimi ndo nauza hayo madumu kisiwani na nasomesha watoto kwa hayo madumu. Mnaposema uchakachuaji mnamaanisha sisi. Sheli iko ng'ambo ya maji, nauli ya boti unalipa, dumu linalipiwa, upepo ukiwa mkali siku mbili hakuna anayevuka. Mkipiga marufuku mtaenda kuvua kwa kasia? BMU waje wapime mafuta yangu mchana kweupe, sio kukaa kikao kunifungia riziki.

Binti wa Nyakato
Mama hakuna aliyekutaja.

Mama Madumu
Sihitaji kutajwa mwanangu, najua ninavyotazamwa.

Nahodha wa Ukara
Mama yuko sawa. Tatizo kubwa la madumu ni maji, sio mama. Dumu limekaa bila mfuniko masika yote unategemea nini? Chukua chupa ya maji ya kunywa, ile inayoonyesha, jaza petroli kabla hujatia oili, iache itulie. Maji ni mazito yanashuka, utaona mstari chini kabisa. Ukiona hivyo usimimine dumu mpaka mwisho, bakiza chini. Na mbalamwezi ikiingia hatuendi dagaa, mashine inakaa, wengi wanaiacha na mafuta kwenye kabureta, yakikauka yanabaki kama gundi. Chomoa mpira wa mafuta iache iungurume polepole mpaka izime yenyewe. Haya fundi, mvuta kamba amekufundisha.

Fundi Mashine
Hayo umesema kweli yote. Nafuta kauli ya kamba, tuendelee.

Kibarua wa Dagaa
Muendelee wapi, hamjagusa penyewe. Mnasema nahodha anatia mafuta ya taa, oili anaweka kidogo, nahodha mjinga. Mbona hamuulizi hela inatoka kwa nani? Kwetu tukiuza dagaa, mafuta yanatolewa kwanza, chakula kinatolewa, kinachobaki mwenye chombo anachukua nusu, nusu ndo tunagawana sisi wote. Kila mili ya oili inapita kwenye mfuko wangu, mashine ikidumu miaka kumi ni yake. Niambieni nani atamimina 400 kwa moyo mweupe?

Mwenye Chombo Kayenze
Kaka kwa hiyo mimi mnyonyaji? Mashine ikifa nanunua na nani? Nyavu, taa za sola, leseni, nani analipa? Wewe ukikosa unahamia mtumbwi mwingine kesho asubuhi, mimi nabaki na deni.

Kibarua wa Dagaa
Sijakuita mnyonyaji, umejiita. Nimesema oili ya kulinda mali yako usinikate mimi. Petroli tukatane, hiyo inatupeleka wote ziwani. Oili na plagi ni matunzo, lipa wewe.

Mama Madumu
Kijana kasema. Wanakuja kwangu wananunua petroli lita ishirini, oili wanaomba ya kupimiwa kwenye kifuniko, nawaambia haitoshi wananiambia mama tajiri hayupo. Sasa nani mchakachuaji?

Fundi Mashine
Mimi naona ushahidi kwenye pistoni. Mashine iliyokosa oili pistoni inakuja na michirizi mirefu wima, silinda imechubuka, na haibagui mpya wala ya zamani. Nyingi ninazofungua ziko hivyo, petroli yenyewe unakuta nzuri tu.

Mwenye Chombo Kayenze
Sawa. Mafuta ya taa hapana, hilo limeisha. Oili nitanunua mimi kopo zima la boti, sikati mtu, lakini nachanganya mwenyewe ufukweni wote mkiona. Na hoja ya madumu kikaoni nitaipinga, nitadai wapimwe.

Kibarua wa Dagaa
Kwa mwenye chombo mmoja nakubali. Hao wengine wanaokaa mjini wanaletewa hesabu kwenye simu, nani anawachanganyia?

Nahodha wa Ukara
Sisi wavuta kamba.

Fundi Mashine
Nahodha nimeshafuta hiyo.