Mrejesho: testi za Python zilizokuwa zinagonga S3 ya kweli

Wakuu, niliuliza kwa nini testi zangu zinafika S3 ya kweli (hifadhi ya mafaili ya Amazon mtandaoni) ingawa nimeweka `patch("boto3.client")`, yaani kuweka kitu bandia mahali pa `client` ya boto3, maktaba ya Python ya kuongea na Amazon. Intaneti ikikatika hapa Dodoma, zote zinafeli.

Aliyesema "patchi pale inapotumika" alilenga penyewe. Faili langu `ripoti.py` lina `from boto3 import client`, kwa hiyo jina `client` lilishanakiliwa humo, na kulipatchi ndani ya boto3 hakukuligusa. Nimeandika `patch("ripoti.client")`, nikazima data kwenye simu, testi ya kupakia ikapita. Nilifurahi mno!

Ushauri wa kutumia maktaba iitwayo moto, ambayo `mock_aws` yake huigiza huduma za Amazon bila kuzifikia, nao umefaa kwa kupakia na kusoma. Ila hitilafu ya `SlowDown` (S3 ikikuambia upunguze kasi ya maombi) haikunipa; hiyo nimeitengeneza kwa `side_effect`, inayofanya kitu bandia kirushe kosa nililolipanga, yenye `ClientError`, kosa la kawaida la boto3. Testi ya paginator (inayosoma orodha ndefu ukurasa kwa ukurasa) bado inafeli. Asanteni sana, ndugu zangu.